Maswali ya Wasomaji: Lini Mchezaji wa Poka Apande Meza?

Barua nne tunazozichapa safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mchezaji wa poka anayeshinda kwenye meza ya dau dogo ajuaje kwamba wakati umefika wa kuhamia meza ya dau kubwa zaidi? Ninazijibu nikijua kwamba wasomaji wetu wengi huiona kamari kuwa haramu, na sina nia ya kumshawishi yeyote aanze kucheza. Ninamwandikia aliyekwisha kuketi mezani, kwa sababu hasara kubwa nilizozishuhudia katika miaka mingi ya kucheza na kutazama wengine wakicheza zilitokana na uamuzi wa kupanda uliofanywa usiku wa manane, mezani palepale, na mtu aliyechoka.

Nitatumia maneno machache kwa maana maalumu. Meza huitwa kwa blaindi zake, yaani madau mawili ya lazima yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa. Meza ya dola 1 na 3 ina blaindi ndogo ya dola 1 na blaindi kubwa ya dola 3. Kiingilio ni fedha ambazo mchezaji huketi nazo, na kwa kawaida tunahesabu blaindi kubwa 100, kwa hiyo kiingilio cha meza hiyo ni dola 300. Mtaji ni fedha zote zilizotengwa kwa ajili ya mchezo, ambazo zikipotea zote hakuna mtu nyumbani atakayelala njaa wala kurudishwa kutoka shuleni.

*

Shikamoo mwandishi. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi ya usiku katika hoteli moja hapa Las Vegas. Tangu Januari nacheza poka ya aina ya Texas Hold'em kwenye meza ya dola 1 na 3, na kila kikao nimekiandika daftarini. Nimecheza vikao 41, jumla ya saa 212, na faida yangu ni dola 3,870. Nimetenga dola 6,000 kwa mchezo tu, mbali na kodi ya nyumba na fedha ninazomtumia mama. Wenzangu wananiambia kwamba napoteza muda huku chini, nihamie meza ya dola 2 na 5. Nihamie?
*Msomaji, Las Vegas*

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza nakupongeza kwa daftari. Wachezaji wengi wanaouliza swali hili hawana cha kunionyesha isipokuwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mcheza karata huhifadhi ushindi na kusahau hasara. Wewe umeleta namba, kwa hiyo tunaweza kuzisoma pamoja.

Dola 3,870 kwa saa 212 ni kiasi cha dola 18 kwa saa, yaani blaindi kubwa sita kila saa. Ni matokeo mazuri sana, na uzuri huo ndio unaonifanya niyatazame mara mbili. Kwenye meza ya kasino mgawaji hugawa karata mara 30 hivi kwa saa, kwa hiyo katika miezi yote hiyo umecheza migao ipatayo 6,400 tu. Katika poka isiyo na kikomo cha dau, matokeo ya kila migao 100 hutawanyika kuzunguka wastani wake kwa blaindi kubwa 80 hadi 100, tuchukue 90. Kwa migao 6,400, bahati peke yake inaweza kukupandisha au kukushusha kwa blaindi 720, sawa na dola 2,160, na si ajabu ikafika mara mbili ya hapo. Maana yake ni kwamba uwezo wako halisi, ukiondoa bahati, unaweza kuwa popote kati ya hasara ya dola 450 na faida ya dola 8,190 kwa saa hizohizo. Inaelekea sana kwamba wewe ni mshindi kwenye meza hiyo. Daftari lako bado halijathibitisha kwamba unashinda dola 18 kwa saa, na hupaswi kupanga maisha juu ya namba hiyo.

Tuje kwenye mtaji. Dola 6,000 ni viingilio 20 vya meza yako ya sasa, lakini ni viingilio 12 tu vya meza ya dola 2 na 5. Tuseme kwa tahadhari kwamba faida yako ya kweli huku chini ni nusu ya ile iliyoandikwa daftarini, yaani blaindi tatu kwa saa, ambazo ni blaindi 10 kwa kila migao 100. Kwa mtaji wa viingilio 20, uwezekano wa kufilisika kabisa siku moja haufiki hata 1 kwa 100. Kule juu utakutana na watu wanaokosea kwa nadra zaidi, na faida yako ikipungua hadi blaindi 5 kwa migao 100, mtaji wa viingilio 12 una uwezekano wa kuteketea wote wa kiasi cha 23 kwa 100. Ikipungua hadi blaindi mbili na nusu, uwezekano huo unakaribia 48 kwa 100. Tafadhali lisome jambo hilo tena: mchezaji anayeshinda, mwenye uwezo wa kweli kuliko wenzake mezani, anaweza kupoteza mtaji wake wote kwa uwezekano unaokaribia ule wa kurusha shilingi, kwa sababu tu ameketi mahali ambapo mtaji wake ni mwembamba.

Hesabu hizo, hata hivyo, zina sharti moja ambalo watu hulisahau: zinachukulia kwamba mchezaji akishapanda hashuki tena. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kwa kirefu, maana ndipo penye jibu la swali lako. Mtu asiyejua atashuka lini bado hajaamua kupanda; amesukumwa tu na ushindi wa juzi. Wewe ukiamua leo, ukiwa nyumbani, umelala vya kutosha na chai iko mezani, kwamba utatenga viingilio vitatu vya meza ya juu, yaani dola 1,500, na kwamba vikiisha utarudi meza ya dola 1 na 3 bila kujadiliana na nafsi yako, basi hatari yote ya kupanda imefungwa ndani ya hizo dola 1,500. Utarudi chini ukiwa na dola 4,500, ambazo ni viingilio 15 vya meza unayoifahamu. Utakuwa umeumia, lakini utakuwa bado mchezaji.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usihamie, ila unaweza kwenda kuonja. Andika daftarini, kwa wino, tarehe, kiasi cha dola 1,500, na maneno haya: «vikiisha, nashuka». Kisha chagua siku. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi meza za Las Vegas hujaa wageni waliokuja kustarehe, wengi wao wakicheza karata nyingi kupita kiasi, ilhali Jumanne mchana meza ileile ya dola 2 na 5 huwa na wenyeji wanaofahamiana kwa majina na wanaomsubiri mtu kama wewe. Nakushauri usimame kando kwa dakika kumi kabla ya kuketi na uhesabu ni watu wangapi wanaingia mchezoni kwa kufuata tu dau bila kuongeza. Wakiwa watatu au wanne, keti. Akiwa mmoja au hayupo kabisa, rudi kwenye meza yako na usione haya, maana hakuna anayekupa cheti kwa kuketi na wagumu.

Ziko sababu za kweli za kutaka kupanda, na sitaki uzione hesabu zangu kuwa ni za kukutisha. Kubwa kuliko zote ni makato ya kasino. Nyumba hukata sehemu ya fedha zilizowekewa dau katika kila mgao, na makato hayo huwa na kikomo ambacho mara nyingi hulingana kwenye meza hizi mbili au kukaribiana. Kikomo kikiwa dola 6, kwa mfano, kila unaposhinda dau kubwa kwenye meza yako unakatwa blaindi kubwa mbili, lakini kwenye meza ya dola 2 na 5 ni blaindi 1.2 tu. Ongeza bakshishi ya dola moja unayomwachia mgawaji, ambayo nayo ni ileile juu na chini. Kwa mwendo wa saa mia kadhaa, tofauti hiyo inaonekana waziwazi daftarini.

Nikueleze pia lililonipata mimi, kwa kuwa hesabu haiwezi kulisema. Usiku wangu wa kwanza kwenye meza ya dola 2 na 5, katika kasino ambayo sitaitaja, nilikuwa na viingilio vya kutosha kwa kipimo chochote kile. Nilipewa malkia wawili, mmoja wa kopa na mmoja wa shupaza. Karata za kati zilipofunguliwa hapakuwa na mfalme wala ree, karata pekee zinazompita malkia. Mzee mmoja mwenye kofia ya kijani, aliyekuwa kimya tangu nilipoketi, akasukuma mbele dola 280. Nilizitazama zile chipu zake nyekundu, yaani vipande vinavyotumika mezani badala ya fedha, zilizopangwa safu mbili zilizolingana sawasawa, na badala ya kufikiri ana karata gani, nikafikiri kwamba dola 280 ni malipo ya gari langu ya mwezi mzima. Nikalaza karata, yaani nikajitoa katika mgao huo. Naye, kwa upole tu, akanionyesha zake: saba ya uru na nne ya pau, hana jozi, hana chochote. Alikuwa amepiga mkwara, na alikuwa ameona usoni mwangu kwamba ungefaulu. Uwezo wangu wa kusoma karata ulikuwa uleule wa jana yake. Kilichobadilika ni kwamba zile chipu zilikuwa zimegeuka kuwa gari.

Kwa sababu hiyo, pamoja na mtaji na daftari, kuna kipimo cha tatu ambacho hakuna awezaye kukupimia. Ukiketi kule juu, jiulize kila baada ya saa moja kama unaziona blaindi au unaona kodi ya nyumba. Ukiona kodi, inuka, hata kama umeshinda. Huo si woga, na haumaanishi kwamba hutaweza kamwe. Mara nyingi ni dalili kwamba dau limekuja mapema kwa miezi michache.

Jambo la mwisho kwako ni la kodi. Marekani hutoza kodi ushindi wa kamari, na kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2025, kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 hasara unazoruhusiwa kuondoa kwenye ushindi ni asilimia 90 tu badala ya zote. Mtu aliyeshinda jumla ya dola 20,000 na kupoteza dola 20,000 katika mwaka mmoja anaweza kuhesabiwa kipato cha dola 2,000 ambacho hakukipata. Kwenye meza kubwa jumla hizi hukua haraka hata kama faida haikui, kwa hiyo peleka daftari lako kwa mhasibu kabla ya kupanda, usisubiri hadi umeshapanda.

*

Habari za kazi. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Nairobi na nacheza poka mtandaoni, meza ya senti 5 na 10 za dola. Nimecheza migao 60,000 na wastani wangu ni faida ya blaindi 4 kwa kila migao 100. Nilianza na dola 110, sasa nina 350. Meza inayofuata ni ya senti 10 na 25. Nimesoma kwamba viingilio 20 vinatosha, wengine wanasema 30, wengine 50. Nimfuate nani?
*Msomaji, Nairobi*

Ahsante kwa barua iliyonyooka. Wewe una utajiri ambao ndugu yetu wa Las Vegas hana: migao 60,000 ingemchukua yeye saa 2,000 za kuketi kasinoni. Hata hivyo idadi hiyo bado ni ndogo kuliko unavyodhani. Kwa mtawanyiko uleule niliousema hapo juu, wastani wako wa blaindi 4 una mashaka ya blaindi 3.7 kila upande, na ukitaka uhakika zaidi ni zaidi ya 7. Tuseme basi kwamba unashinda, na tusibishane sana kuhusu kiasi.

Wanaosema 20, 30 na 50 wote wanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali tofauti. Idadi ya viingilio inategemea faida yako kwenye meza husika, na faida hushuka kadiri unavyopanda. Chukua mfano wako mwenyewe. Hapo ulipo, ukiwa na dola 350, una viingilio 35, na kwa faida ya blaindi 4 uwezekano wa kufilisika ni kama 3 kwa 100. Ukizipeleka dola hizohizo kwenye meza ya senti 10 na 25 zinakuwa viingilio 14, na faida yako ikipungua kwa nusu, uwezekano wa kufilisika unafika 50 kwa 100. Fedha ni zilezile, mchezaji ni yuleyule, na umbali kati ya meza hizo mbili ni kubofya mara moja. Angalia pia kwamba hatua hii ni pana kuliko zinazoifuata: kutoka senti 10 kwenda 25 ni mara mbili na nusu, wakati kutoka senti 25 kwenda 50 ni mara mbili tu. Wengi hujikwaa hapa wakidhani kila ngazi ina urefu mmoja.

Utaratibu ninaokupendekezea ni huu. Endelea hapo ulipo hadi mtaji ufike dola 500. Ukifika, nenda ukaonje kwa viingilio vinne vya meza ya juu, yaani dola 100, na vikiisha rudi chini ukiwa na dola 400, ambazo ni viingilio 40 vya meza yako ya zamani. Ukishindwa mara moja, jenga tena. Ukishindwa mara tatu mfululizo, acha kuhesabu fedha na anza kutazama migao uliyopoteza, maana huenda kuna jambo wanalolijua kule ambalo wewe hujajifunza bado. Mtaji ukifika dola 750, viingilio 30, ndipo useme kwamba umehamia.

Kama unataka kumfuata mtu, mfuate aliyeionyesha kanuni yake hadharani. Chris Ferguson, aliyekuwa bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 2000, alianza mwaka 2006 jaribio la kujenga dola 10,000 mtandaoni bila kuweka hata senti yake. Alianzia kwenye mashindano ya bure, ambako zawadi zilikuwa senti na dola chache, na jaribio lote lilimchukua mwaka mmoja na zaidi. Kanuni zake zilikuwa chache: asiketi kwenye meza ya fedha na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake, yaani daima awe na viingilio 20, na fedha alizo nazo kwenye meza moja zikizidi asilimia 10 ya mtaji, ainuke blaindi inapomfikia. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Watu wengi huweka mpaka wa kuingia lakini hawana mpaka wa kutoka wakiwa wanashinda, na hujikuta robo ya mtaji wao imekaa mbele yao ikisubiri mgao mmoja mbaya. Tazama pia kwamba bingwa wa dunia, mtu aliyezoea meza za maelfu, alikubali kushuka hadi senti kila mtaji ulipopungua, na hakusema kwamba meza hizo si za hadhi yake.

Habari hiyo ina upande wa pili unaokuhusu. Ferguson alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Full Tilt Poker, tovuti aliyoitumia kwa jaribio hilo. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifunga tovuti kubwa za poka nchini humo, ikagundulika kwamba Full Tilt haikuwa na fedha za kuwarudishia wachezaji wake, na wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014 tu. Wapo waliokuwa na mtaji wa viingilio 100, wenye nidhamu isiyo na kasoro, wakabaki mikono mitupu kwa miaka karibu mitatu. Basi usiweke mtaji wako wote mahali pamoja. Hakikisha tovuti ina leseni ya mamlaka unayoweza kuithibitisha, na toa sehemu ya faida mara kwa mara, kwani kuna mengi unayoyajua siku unapoomba kulipwa ambayo hukuyajua siku ulipoweka.

*

Ninacheza mashindano tu, ya kiingilio cha pauni 50. Nina pauni 2,000, ambazo ni viingilio 40. Naweza kuanza kucheza ya pauni 150?
*Msomaji, London*

Bado, ndugu yangu, na hata hapo ulipo umebanwa kidogo. Katika mashindano wengi huondoka bila kitu na fedha nyingi huenda kwa wachache wanaofika meza ya mwisho, kwa hiyo mchezaji mzuri kabisa anaweza kukaa mashindano 40 au 50 bila zawadi ya maana. Kwa mashindano yenye watu wengi ningetaka viingilio 100 kama kiwango cha chini. Pauni 2,000 ni viingilio 13 tu vya mashindano ya pauni 150.

Njia unayoweza kuitumia ni mchujo, yaani shindano dogo ambalo zawadi yake ni nafasi katika shindano kubwa. Chris Moneymaker, aliyekuwa mhasibu huko Tennessee, aliingia kwenye shindano kuu la dunia la mwaka 2003, lenye kiingilio cha dola 10,000, kwa mchujo wa mtandaoni uliogharimu chini ya dola 100, akawashinda watu 838 na kupata dola milioni 2.5. Matokeo yake hayawezi kupangwa na mtu yeyote, lakini utaratibu wake unaweza kuigwa: hakutoa dola 10,000 mfukoni, alihatarisha kiasi kidogo tu.

*

Shikamoo. Mume wangu alianza poka kwa kucheza na marafiki, kisha akaenda kwenye kasino hapa Dar es Salaam, meza ndogo. Kwa miezi minne amepoteza kama shilingi milioni 3. Nimegundua kwamba laki nane kati yake zilikuwa ada ya mtoto. Nikimuuliza anasema hasara inatokana na kucheza na watu wasiojua, kwamba kwenye meza kubwa watu hucheza kwa akili, na kwamba atapanda mara moja tu arudishe fedha zote halafu aache. Anasema mabingwa wote walijitosa hivyo. Je, kuna ukweli?
*Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam*

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nyingine zote. Hapana, hakuna ukweli, na nitakueleza kwa nini ili uweze kumjibu bila ugomvi.

Mtu asiyeweza kuwashinda wasiojua hawezi kuwashinda wanaojua. Wanaokosea sana ndio wanaomlipa mchezaji mzuri. Wao ndio sababu ya meza ndogo kuwa na faida. Mume wako akikwambia kwamba anapoteza kwa sababu wenzake ni wabovu, anakueleza bila kukusudia kwamba bado hajaujua mchezo. Kinachomvuta kwenye meza kubwa ni hesabu moja ambayo ni ya kweli kwa nusu tu: dau likiwa mara mbili, anahitaji ushindi nusu ya ule wa awali ili kurudisha milioni 3. Nusu ya pili ya hesabu hiyo ni kwamba anahitaji pia makosa nusu ya yale ya awali ili kupoteza milioni 3 nyingine, na kama alivyocheza miezi minne iliyopita ndivyo atakavyocheza usiku huo, ila akiwa na hofu zaidi.

Kuhusu mabingwa waliojitosa, mtajie Stu Ungar. Alilitwaa taji la dunia mwaka 1980, 1981 na 1997, na wapo wengi wanaosema hajatokea mcheza karata mwenye kipaji kama chake. Mwaka 1997 zawadi ya bingwa ilikuwa dola milioni moja, ambayo alilazimika kugawana na aliyemlipia kiingilio kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa nacho. Novemba 1998 alikutwa amefariki katika chumba cha moteli huko Las Vegas, akiwa na miaka 45, bila mali. Mambo yaliyomwangusha yalikuwa mengi, dawa za kulevya zikiwemo, lakini kipaji chake hakikuweza kumlinda na tabia ya kuweka dau fedha zote alizo nazo, kila mara, na kwa lolote.

Katika barua nyingine za leo nimezungumzia mtaji. Mume wako hana mtaji. Ana ada ya mtoto. Hakuna idadi ya viingilio wala utaratibu wa kuonja na kushuka ninaoweza kumpa mtu ambaye fedha zake za mchezo zina mwenyewe mwingine. Kwake jibu ni kusimama kabisa, wala si kubadilisha meza.

Ningekushauri uzungumze naye asubuhi, siku ambayo hakutoka usiku uliotangulia, na ulete karatasi badala ya maneno: andikeni pamoja kila fedha iliyotoka tangu alipoanza, kwa tarehe kama mnazikumbuka. Ada ya muhula ujao ilipwe shuleni moja kwa moja siku ya mshahara, kabla fedha hazijalala nyumbani. Muulize kwa utulivu kama kuna mkopo wa kausha damu, kwa sababu anayesema «mara moja tu nirudishe» mara nyingi tayari anadaiwa na anaona aibu kusema, na riba ya mikopo hiyo haisubiri. Akikubali kwamba imemshinda, aende mwenyewe kwenye kasino aombe jina lake liandikwe asiruhusiwe kuingia, na wakimkatalia mnaweza kuuliza kwenye Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Asipokubali, usiubebe mzigo huu peke yako. Mwite mshenga wenu, au mzee ambaye mume wako anamheshimu na ambaye hatalisambaza jambo, akae nanyi wawili mkiwa na ile karatasi mbele yenu.

Laki nane za ada ndizo za kwanza kurudishwa, kabla ya deni jingine lolote, na zirudi kutoka kwenye mshahara. Nawe niandikie tena mkishakaa na mzee. Ukipenda, niletee na nakala ya ile karatasi, nitaipitia mstari kwa mstari.